Alihukumiwa akiwa hayupo: rufaa ipo, ila si mlango wa kwanza

Swali la msomaji: "Shikamoo wakili. Nakuandikia kutoka Kahama kuhusu mdogo wangu wa kiume, dereva bodaboda. Machi 2024 alinunua pikipiki ya mkononi kwa shilingi 1,100,000. Julai polisi wakaikamata, mwenyewe akajitokeza akisema aliibiwa Novemba 2023. Mdogo wangu akashtakiwa kwa wizi, na kosa mbadala la kupatikana na mali ya wizi. Alipata dhamana na alikuwa anahudhuria. Mashahidi wawili walishasikilizwa mbele yake. Tarehe 4 Oktoba alipata ajali, akavunjika paja, akalazwa Mwanza wiki 6. Akakosa tarehe 16 Oktoba, 13 Novemba na 11 Desemba. Mdhamini ni mjomba wetu, naye aliogopa, hakwenda. Alipotoka hospitali alijiuguza Geita kwa shangazi, akidhani kesi imekufa. Kumbe tarehe 12 Februari 2025 alihukumiwa miaka 3 kwa wizi. Tarehe 20 Mei akakamatwa, akapelekwa gerezani moja kwa moja. Sasa ni Septemba. Kuna mtu anataka laki 8 afuatilie rufaa kwa ndani. Je, rufaa bado ipo au tumeshachelewa?"

Marahaba, dada yangu, na poleni sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilichukua kalamu nikaziandika tarehe zote pembeni, kwa sababu kesi hii ya pikipiki sasa imekuwa kesi ya tarehe.

Rufaa ipo. Lakini ukiniuliza kesho asubuhi uanzie wapi, sitakutuma Mahakama Kuu Shinyanga. Nitakuambia urudi kwenye mahakama ile ile ya wilaya iliyomhukumu mdogo wako. Sheria imeweka pale mlango kwa ajili ya mtu aliyehukumiwa akiwa hayupo, na kila mwaka naona familia zikiupita bila kuuona, zinakimbilia juu, zinakaa miezi zikisubiri, halafu huko juu zinaambiwa zirudi chini.

Mlango huo ni kifungu cha 226 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kinaanza kwa kusema kwamba kesi ikiahirishwa na mshtakiwa asitokee siku iliyopangwa, mahakama inaweza kuendelea kusikiliza kana kwamba yupo. Kwa hiyo hakimu hakuvunja sheria kwa kuendelea tu. Ila kifungu kidogo cha pili kinampa hakimu uwezo wa kuitengua hatia aliyotiwa mtu akiwa hayupo, akiridhika na mambo mawili: kwanza, mshtakiwa hakufika kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wake, pili, anao utetezi ambao ukisikilizwa unaweza kusimama. Yanatakiwa yote mawili. Mwenye sababu nzuri ya kutofika lakini hana la kujibu kuhusu pikipiki hatoki, na mwenye utetezi mzuri aliyekwepa mahakama kwa makusudi naye hatoki.

Naomba usiusahau na upande wa polisi na mahakama. Tangu miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani imeeleza zaidi ya mara moja kwamba mtu aliyehukumiwa akiwa hayupo, akikamatwa, apelekwe kwanza mbele ya mahakama iliyomhukumu. Aulizwe kwa nini hakufika na ana utetezi gani. Maelezo yake yakishindwa kuridhisha, ndipo adhabu iendelee. Wewe umeandika "akapelekwa gerezani moja kwa moja", na hapo ndipo niliposimama kusoma. Siku ya kumtembelea muulize taratibu: tarehe 20 Mei, au siku zilizofuata, ulisimama mbele ya hakimu? Hakimu alikuuliza nini? Ulijibu nini? Wakati mwingine mtu hufikishwa mahakamani kwa dakika tano, anasomewa kwamba ana miaka mitatu, anapandishwa karandinga. Huko si kusikilizwa, na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu anazoandika hakimu za kila siku ya kesi, utaonyesha hivyo hivyo, kwa sababu hakutakuwa na neno lake hata moja lililoandikwa.

Hapo hapo kuna jambo dogo la kuangalia. Adhabu iliyotolewa mtu akiwa hayupo huhesabiwa tangu siku aliyokamatwa, na aliyemkamata anatakiwa kuiandika tarehe hiyo nyuma ya hati ya kifungo. Miaka mitatu ya mdogo wako inaanza tarehe 20 Mei 2025. Ofisi ya gereza inayo hati hiyo. Aombe aambiwe nyuma yake pameandikwa nini, maana tarehe ikikosewa pale, anakosewa hesabu ya kutoka.

Neno kuhusu namba za vifungu kabla sijaendelea. Natumia namba za toleo la sheria la 2022, kwa kuwa ndizo zitakazokuwa kwenye hukumu ya Februari. Tangu tarehe 1 Julai 2025 tunatumia toleo lililorekebishwa la 2023, na namba nyingi zimesogea. Atakayewaandikia nyaraka mpya azilinganishe, msije mkapoteza wiki kwa sababu ya namba.

Sasa twende kwenye zile tarehe. Alipata ajali tarehe 4 Oktoba, akalazwa wiki 6. Hesabu: inafika tarehe 15 Novemba. Tarehe 16 Oktoba na 13 Novemba zimeingia zote ndani ya kitanda cha hospitali, na hakuna hakimu atakayesema mtu mwenye paja lililovunjika alipaswa kupanda basi kutoka Mwanza. Hizo mbili ni nyepesi, zinahitaji karatasi tu. Ya kwanza kwenye karatasi hizo ni PF3. Watu huiona kama fomu ya kupatia matibabu basi, lakini kwa mdogo wako ni zaidi ya hapo: ni fomu ya polisi, ina muhuri wa kituo, ina tarehe, na inasema kwamba mtu huyu siku hiyo alikuwa majeruhi wa ajali barabarani. Dola ile ile iliyokuwa inamtafuta kwa hati ya kukamatwa ilikuwa na karatasi inayosema yuko wapi na ana hali gani. Itafuteni. Kama nakala yenu imepotea, nendeni kituo kilichoitoa, na kwenye faili la hospitali huwa ipo. Ongezeni barua ya rufaa ya kumhamishia Mwanza kama alihamishwa (hiyo ni rufaa ya hospitali, msiichanganye na hii ya mahakama), fomu ya kuruhusiwa kutoka wodini, na risiti za malipo. Picha za eksirei zina jina na tarehe pembeni, msizitupe.

Tarehe 11 Desemba ndiyo ngumu. Siku hiyo alikuwa na siku 26 tangu aruhusiwe, naye yuko Geita. Kwa jinsi ulivyonieleza, na kwa jinsi kesi hizi zinavyokwenda, nadhani ndiyo siku ambayo hakimu, baada ya kuvumilia mara mbili, aliamuru kesi iendelee bila yeye. Kwa hiyo ombi lenu lote linaning'inia pale. Mvunjika paja wa karibu wiki 10 kwa kawaida bado yuko kwenye magongo, na daktari huwa amempa kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi na maelekezo ya kutokanyagia mguu. Kadi hiyo ndiyo jibu la tarehe 11 Desemba. Kama imepotea, ombeni hospitali barua ya daktari kutoka kwenye faili lake. Shangazi wa Geita naye ale kiapo aeleze alichokiona: alikuwa anamsaidia kufika chooni? Alianza kutembea mwenyewe lini? Maelezo ya shangazi yenye vitu vya namna hiyo yana nguvu kuliko kurasa mbili za maneno ya kisheria.

Halafu kuna jambo ambalo lazima nikuambie wazi, ingawa najua litauma. "Alidhani kesi imekufa" haitamsaidia. Kesi ya jinai haifi kwa sababu mshtakiwa amenyamaza, na hakimu akiisikia sentensi hiyo peke yake ataona mtu aliyekuwa anajificha. Kutoka 11 Desemba mpaka 20 Mei ni zaidi ya miezi mitano, na mfupa ulikuwa unapona. Kwa hiyo mkae naye mtafute ukweli ulivyokuwa. Nani alimwambia kesi imekufa? Ni mjomba? Alimpigia simu? Alipoweza kutembea alimtuma mtu yeyote kwa karani kuulizia? Kama mjomba alimwambia "tulia, mambo yamekwisha", basi mjomba aje aseme hivyo kwa kiapo. Kama hakuna aliyemwambia kitu, na mdogo wako aliogopa tu, basi semeni aliogopa, alikuwa kijana wa bodaboda asiye na wakili, mgonjwa, mbali na nyumbani. Hakimu anaweza kulielewa hilo. Msitunge. Nimewahi kuona ombi zuri likifa kwa sababu ya karatasi moja ya zahanati iliyotengenezwa. Mwendesha mashtaka alipiga simu moja tu, na kuanzia hapo hata yaliyokuwa kweli hayakuaminiwa tena.

Mjomba nimemtaja, nimalize habari zake. Mdhamini hadhamini kwa fedha peke yake, kazi yake ni kuhakikisha mshtakiwa anafika, na akishindwa anatakiwa aende yeye akaeleze. Angesimama tarehe 16 Oktoba akasema "mheshimiwa, kijana amelazwa, hii hapa picha ya fomu", leo tusingekuwa tunaandikiana. Kwa mujibu wa sheria anaweza kuitwa alipe kiasi alichojifunga kwenye dhamana, na naelewa ndiyo sababu anajificha. Lakini ushahidi wake ni wa lazima, na mahakama humtazama vizuri zaidi mdhamini aliyejileta kuliko aliyekamatwa. Mzungumzeni kama ndugu, msimgombeze mpaka akakimbia tena.

Tuje kwenye mguu wa pili wa ombi, yaani utetezi. Hapa wengi hudhani lazima athibitishe kwamba hakuiba. Hapana. Mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, tangu mwanzo mpaka mwisho. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ana maelezo yanayoweza kuwa kweli, ambayo mahakama haikuyasikia.

Kwa maelezo yako hakuna aliyemwona akiiba. Kwa hiyo kilichomtia hatiani ni kanuni tunayoiita ya kupatikana na mali iliyoibwa hivi karibuni: ukikutwa na kitu kilichoibwa muda si mrefu uliopita, na huna maelezo ya maana, mahakama inaweza kukuchukulia kuwa wewe ndiye mwizi. Kanuni hiyo ina masharti, na Mahakama ya Rufani imeyarudia mara nyingi. Mali iwe imekutwa kwa mshtakiwa. Ithibitike bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji. Iwe imeibwa kwa mlalamikaji hivi karibuni. Na iwe ndiyo hiyo hiyo inayotajwa kwenye hati ya mashtaka.

Sharti la kwanza mmelipoteza, tusidanganyane. Pikipiki ilikutwa kwake. La tatu ndilo langu. Iliibwa Novemba 2023, yeye akaipata Machi 2024, akakutwa nayo Julai: miezi minane tangu wizi. Hakuna siku maalumu ambayo "hivi karibuni" inakoma. Mahakama hutazama aina ya kitu na jinsi kinavyobadilisha mikono. Mashine kubwa ya kusaga haihami kila wiki. Pikipiki huuzwa, hukodishwa, hutolewa kwa mkataba wa hesabu ya kila siku, na inaweza kupita mikono mitatu kabla ya miezi minane kuisha. Kumtia mtu hatiani kwa wizi wenyewe kwa msingi wa miezi minane, bila kusikia aliipataje, ni jambo la kubishaniwa, na mimi ningelibishania kwa nguvu zote.

Sharti la pili na la nne yanategemea namba. Chukueni hati ya mashtaka, hati ya kukamata mali aliyosaini siku pikipiki inachukuliwa, na maelezo ya kadi ya mlalamikaji kama yalivyo kwenye mwenendo, mziweke sambamba mezani. Someni namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu, kidole kikiwa juu ya karatasi, mmoja anasoma mwingine anafuatilia. Kisha namba ya injini. Namba ya usajili ya kwenye kibati iacheni mwisho, kibati hubadilishwa kwa bisibisi. Tofauti ya tarakimu moja inaweza kuwa kosa la kalamu, na mahakama inaweza kuisamehe, lakini tofauti isiyoelezwa na shahidi yeyote ni shaka, na shaka ni ya mshtakiwa. Angalieni pia kama mlalamikaji alizitaja alama za pikipiki yake kabla ya kuonyeshwa, au alionyeshwa kwanza ndipo akasema "ndiyo yenyewe". Kuhusu nani aliitunza kituoni msijichoshe sana. Kwa kitu chenye namba zake za kudumu kama pikipiki, mahakama hailegei kirahisi kwa hoja ya mlolongo wa utunzaji.

Hujaniambia alinunua kwa nani. Hilo ndilo pengo kubwa la barua yako. Kuna maandishi ya mauziano? Yaliandikwa wapi, kwa mwenyekiti wa mtaa au kwenye karatasi ya daftari kijiweni? Nani alishuhudia? Malipo yalikwenda kwa simu au mkononi? Kama yalikwenda kwa simu, ujumbe wa muamala ni ushahidi wenye saa na dakika. Na je, alipohojiwa polisi alimtaja muuzaji? Kama alimtaja siku ya kwanza, na polisi hawakumtafuta, hiyo ni hoja nzito kwake, kwa sababu inaonyesha hakutunga hadithi baadaye.

Nategemea pia upande wa pili utauliza: kadi ilikuwa wapi? Dereva bodaboda anajua kuliko mtu mwingine yeyote kwamba pikipiki bila kadi ni mashaka. Kama alinunua bila kadi, hilo halimfanyi mwizi, ila linamsogeza kwenye lile kosa mbadala, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu: kupokea au kukaa na mali huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Adhabu yake ya juu ni miaka kumi, wakati wizi wa kawaida ni saba. Kwa hiyo ajiandae kueleza kwa nini aliamini kadi italetwa, na wakili wenu asiseme kwa haraka "hakuiba, alinunua tu", bila kupima anampeleka wapi kwa maneno hayo.

Haya yote yanahitaji kitu kimoja ambacho bado hamna mkononi: nakala ya mwenendo na nakala ya hukumu. Ziombeni kwa barua leo, kwa jina la mdogo wako, na mbaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mfungwa huweza kuziomba kupitia kwa mkuu wa gereza pia. Zikija kwa Kiingereza msikate tamaa. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki, lakini mafaili mengi bado yana Kiingereza, tafuteni mtu awasomee.

Mwenendo husomwa kwa kuanzia juu ya kila siku, pale hakimu anapoandika waliopo: tarehe, hakimu, mwendesha mashtaka, karani, mshtakiwa. Pitieni mstari wa mshtakiwa tangu siku ya kwanza. Yupo, yupo, yupo, yupo. Halafu 16 Oktoba: hayupo. Ule mfululizo wa "yupo" ni ushahidi kwamba si mtoro wa asili, uhesabuni na mziandike siku hizo zote kwenye kiapo. Hesabuni pia siku ambazo yeye alifika na kesi ikaahirishwa kwa kuwa shahidi wa Jamhuri hakuja. Kwenye tarehe alizokosa angalieni amri: hati ya kukamatwa ilitolewa? Mdhamini aliitwa? Tarehe 11 Desemba hakimu aliandika kwamba anaendelea kwa kifungu gani na kwa sababu gani, au shahidi wa tatu anaanza tu kusema bila amri yoyote juu yake? Na kwenye hukumu, je, kuna mahali hakimu anatamka kwamba anamtia hatiani kwa kosa la kwanza, akaeleza kwa nini, kabla ya kuandika miaka mitatu? Nyaraka zilizopokelewa baada ya yeye kukosekana zilisomwa kwa sauti mahakamani? Kila "hapana" hapo muiandike pembeni. Kwenye ombi la kwanza hazitawasaidia sana, kwenye rufaa ndizo sababu zenu.

Kwa hiyo hatua ni hii: maombi kwenye mahakama ya wilaya iliyomhukumu, yakiwa na hati ya kiapo ya mdogo wako, ya mjomba na ya shangazi, na karatasi za hospitali zimeambatanishwa, mkiomba hatia itenguliwe na asikilizwe. Hakimu anaweza kusema "mimi nilishamaliza kazi yangu, nendeni Mahakama Kuu". Mjibuni kwa heshima kwamba kifungu cha 226(2) kimempa yeye mwenyewe kazi hiyo. Akilikataa ombi, uamuzi wake uwe wa maandishi, maana ndio mtakaokwenda nao juu.

Kuhusu muda wa rufaa, ndiyo, mmechelewa, lakini hilo lina dawa. Sheria inataka notisi ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Siku 10 ziliisha Februari, hata kabla hajakamatwa. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kwa sababu ya msingi, mkiomba kwa kiapo. Na hapo msiseme "tulichelewa kwa kuwa hatukujua sheria". Elezeni muda wenyewe kwa vipande: Februari hadi 20 Mei, hakujua kuwa amehukumiwa, 20 Mei hadi leo, yuko gerezani, aliomba nakala lini, akajibiwa lini. Kila wiki ya kukaa kimya kuanzia sasa ni wiki mtakayoulizwa. Kama kwenye mwenendo kuna kosa la kisheria linaloonekana wazi, kama lile la kutosikilizwa baada ya kukamatwa, litajeni humo humo, kwa sababu nalo ni sababu ya kuongezewa muda.

Mkifika kwenye rufaa yenyewe, msitegemee kwamba kushinda ni kuachiwa siku hiyo hiyo. Mahakama Kuu inaweza kufuta hatia na kumwachia, inaweza kuamuru arudi asikilizwe kuanzia pale alipokosekana, inaweza kuagiza kesi ianze upya, inaweza kupunguza adhabu, na uwezo wa kuiongeza pia inao. Kesi kuanzishwa upya si jambo la kuamriwa hivi hivi; tangu enzi ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mwaka 1966, kanuni yetu ni kwamba halifanyiki ili kuipa Jamhuri nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake. Dhamana wakati wa kusubiri rufaa ipo kisheria, lakini kwa mtu ambaye tatizo lake ni kutofika, sioni akiipata kirahisi. Ombeni, ila msiweke matumaini yote humo. Na kwa kuwa mfungwa mwenye tabia njema kwa kawaida hupunguziwa theluthi moja, miaka mitatu ni kama miwili. Rufaa ikivutwa mwaka mzima imekula nusu yake. Ndiyo maana nasisitiza ule mlango wa chini, unaweza kusikilizwa mapema zaidi.

Pikipiki yenyewe isahauni. Hata akiachiwa, mwenye kuibiwa ndiye mwenye mali, na aliyenunua kwa mwizi hapati umiliki. Milioni moja na laki moja mtaidai kwa muuzaji, kama anapatikana.

Huyo wa laki 8 msimpe hata elfu kumi. Hakuna "kwa ndani" kwenye kazi hii. Kuna barua ya kuomba nakala, viapo vitatu na karatasi za hospitali, na vyote mnaweza kuvikusanya wenyewe kuanzia wiki hii. Akiwataja watumishi wa mahakama kwamba ndio wanaotaka hela, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113. Kama wakili wa kulipa hampati, tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu kuhusu watoa msaada waliosajiliwa, na mdogo wako aulize hapo gerezani, maana mfungwa naye ana haki ya kuufikia msaada huo.

Jumapili ukienda kumwona, nenda na daftari. Andika jibu lake kuhusu siku aliyokamatwa kwa maneno yake mwenyewe, usimsahihishe. Na nakala ya mwenendo ikitoka, kabla ya kitu kingine chochote nenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, uone kama baada ya hukumu ya tarehe 12 Februari kuna kilichoandikwa tarehe 20 Mei au baada yake. Kama upo ukurasa huo nitumie nisome. Kama haupo, niandikie hivyo tu, nitajua tunaanzia wapi.